Ukuta Uliofundishwa Jumatatu

Ngazi ilifika kabla ya Mkaguzi. Aliikuta imeegemezwa kwenye stoo ya hospitali, ngazi ndefu ya alumini, na chini yake mafundi wawili wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanakunywa chai. Bisibisi zilikuwa mifukoni. Walikuwa wakisubiri saa sita ya mchana. Saa sita ikifika wapande, wang'oe kile kibao kikubwa cha kijivu kilichotundikwa juu, na mambo yaishe.

"Mna haraka?" Mkaguzi akawauliza baada ya salamu.

"Sisi, mama?" mmoja akasema. "Chai bado ya moto."

"Basi inyweni polepole. Chai ya moto haimwonei huruma mwenye pupa."

Akaitazama saa yake ya mkononi, ile yenye mkanda ulioshonwa mara mbili kwa uzi mweusi. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wanaopiga kelele zisizosikika kwa masikio. Kwa miaka thelathini na moja ofisi ya masafa ya redio ilikuwa ikimtuma huku na huku: redio imeingiliwa, simu zimekufa mtaa mzima, mnara umepatwa na kigugumizi. Mafundi redio walimpa jina la Mama Sikio, naye hakulikataa. Begani alibeba begi la turubai. Ndani yake mlikuwa na antena ya mkono iliyofanana na mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa, kipimo chenye kioo kidogo, na daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi, maana penseli ni kama kuku, usipomfunga mguu humwoni tena.

Metroni alikuwa akimngoja kwenye korido. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kofia nyeupe iliyonyooshwa kiasi kwamba nzi akitua angeteleza.

"Wiki ya tatu hii, mama," Metroni akaanza bila kumkaribisha kiti. "Tumefungua wodi ya moyo, vitanda vinane. Kila mgonjwa ana kidude kifuani, kinatuma mapigo yake hewani mpaka meza ya sista, jengo kuu, ng'ambo ya uwanja. Sista mmoja anawatazama wote wanane. Vizuri. Halafu ghafla mistari yote inalala chali kwenye kioo. Nusu saa, dakika arobaini. Kisha inaamka kama haikufanya kitu."

"Mara ngapi?"

"Mara saba. Juzi Jumatano moyo wa kitanda cha tatu ulikwenda mbio kweli, na mezani hatukuona chochote. Tulimuwahi kwa sababu sista alikwenda kwa miguu yake. Miguu, mama. Sasa mimi siwezi kumwachia mgonjwa bahati ya miguu. Saa sita kile kibao kinashuka, wagonjwa wanarudi wodi ya zamani kwenye waya, hata kama watalala wawili wawili. Na aliyekileta ataeleza mbele ya wakubwa."

"Kibao ndicho mkosaji?"

"Kimeletwa, na shida imekuja. Mimi sikusoma mawimbi, lakini najua kuhesabu moja mbili." Metroni akainamisha kichwa kidogo. "Na ninasikia huyo fundi wake ni mkweo."

"Ameolewa na mwanangu wa pili. Nimeliandika kwenye fomu ya ofisi, mwenzangu wa zamu anaumwa, na wewe una ngazi."

"Utamkagua vipi mkweo?"

"Metroni, umewahi kuona mkaguzi mkali kuliko mama mkwe?"

Metroni hakucheka, ila kofia ilitikisika.

Fundi alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo, kompyuta mapajani, macho mekundu. Alipomwona Mkaguzi akasimama, waya zikamnasa mguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa maji."

Mkaguzi akatoa begini yai la kuchemsha lililoviringishwa kwenye leso, na chumvi kwenye kipande cha karatasi. "Kula kwanza. Mtuhumiwa mwenye njaa hujibu hovyo. Halafu unieleze huo ukuta wako kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la saba, na usiruke kitu."

Fundi akamenya yai, akaeleza. Katikati ya uwanja palisimama tangi la maji la chuma, refu kuliko paa. Wodi upande huu, meza ya sista upande ule, tangi katikati limekaa kama mgeni mnene mlangoni. Mawimbi ya vidude vya kifuani hayakuweza kulipenya. Hapo ndipo ule ukuta ulipoingia, maana kila mtu hospitalini alikiita kibao kile ukuta. Ulikuwa na vigae mia mbili hamsini na sita, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, na kila kimoja kilijua kulipokea wimbi na kulitupa upande ulioamriwa.

"Kama vipande vya kioo na jua," Mkaguzi akasema.

"Ndivyo, mama. Ukivipanga vyote pamoja, vinakusanya mapigo ya wodini na kuyarusha mezani, yakilizunguka tangi. Na vina kazi ya pili. Akija mtu wa kuziba mawimbi kwa makusudi, ukuta unamtambua anakotokea, vigae vinajipanga upya, vinampa mgongo. Kelele yake haifiki mezani. Ndiyo sababu nilileta huu na si kioo cha kawaida."

"Na mbona haukumpa mgongo?"

Fundi akaliacha yai nusu. "Hapo ndipo silali. Ukuta unaandika kila unapogeuka. Tazama mwenyewe."

Mkaguzi akavaa miwani yenye kamba. Orodha ilikuwa ndefu. Oveni ya jikoni ya kupashia chakula: ukuta umegeuka. Redio ya mkononi ya bawabu: umegeuka. Lori la mitungi ya oksijeni lenye redio mbovu: umegeuka. Lakini zile mara saba ambazo mistari ililala, hapakuwa na neno hata moja. Hakuna kigae kilichosogea.

"Ulikuwa umezimika?"

"Ulikuwa macho, mama. Hapa, taa yake, kila dakika. Ulikuwa macho na haukumwona mgeni."

Mkaguzi akaandika maneno hayo kama yalivyo, kisha akayapigia mstari chini.

Saa tatu kamili walikuwa kwenye kibanda cha bawabu wa geti. Wafanyakazi walimwita Filimbi, kwa sababu aliyeongea na simu koridoni aligeuzwa na filimbi yake kabla hajamaliza "haloo". Watu watatu walikuwa wamemnong'oneza Mkaguzi kwamba kama kuna mtu hospitali nzima angefurahi simu zote zife, ni huyo. Na kweli, juu ya rafu, nyuma ya kofia iliyowekwa kwa haraka, paliota ncha mbili za antena.

Fundi akamvuta mama mkwe wake ukanda wa begi. "Mama, kile."

"Nimekiona. Baba," Mkaguzi akamwambia bawabu, "hicho kilichovaa kofia yako ni nini?"

"Hicho changu binafsi."

"Mawimbi hayana binafsi. Hebu tukione."

Filimbi akakishusha kisanduku cheusi kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Mkaguzi akakielekezea kipimo, akazungusha kitufe cha pembeni. Ikatoka sauti ya mtangazaji akikimbia na mpira kuelekea golini.

"Marudio ya jana," Filimbi akasema, akitazama viatu vyake. "Metroni akijua nimekwisha. Mimi ndiye ninayewanyang'anya watu redio."

"Hii inasikiliza tu, haisemi," Mkaguzi akamwambia Fundi. "Tunayemtafuta ni msemaji. Mrudishie kofia yake." Kisha akamgeukia Filimbi. "Nani alishinda?"

"Sijafika mwisho, mama."

"Basi nipe daftari lako la magari, uendelee."

Daftari la geti lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kuviringika, herufi kubwa mpaka kwenye nukta. Mkaguzi akalibeba kwapani hadi jengo kuu, kwenye meza ya vioo vinane. Sista wa meza, mama mnene aliyevaa soksi mbili mbili kwa sababu ya baridi ya sakafu, naye alikuwa na daftari lake. Kompyuta iliandika tu "mawasiliano yamekatika". Yeye aliandika saa, dakika, na nani alikuwa anakohoa.

"Kompyuta haina uchungu," akasema, akilifungua. "Mimi ninao."

Mkaguzi akayalaza madaftari mawili bega kwa bega. Metroni alikuja kusimama nyuma yao, mikono imefungwa.

"Wiki ya kwanza," Mkaguzi akasoma. "Jumatano, Ijumaa. Ya pili: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Ya tatu: Jumanne, Jumatano. Kila siku huanza baada ya saa nne kidogo."

"Nami niliona hivyo," Metroni akasema. "Nikasema ni mtu wa ratiba. Lakini Jumanne inaharibu. Mwenye ratiba ya Jumatatu hafanyi Jumanne."

"Labda. Jumatatu ya wiki hii palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu. Ilikuwa mapumziko, ofisi zilifungwa."

Mkaguzi akatembeza penseli kwenye daftari la geti, mstari kwa mstari, bila haraka. Penseli ikasimama Jumanne, ikarudi juu, ikasimama Ijumaa, Jumatano, Jumatatu.

"Kuna gari moja tu lililoingia siku zote saba. Huingia saa nne na dakika saba, saa nne na dakika kumi, saa nne na tisa. Siku ya mapumziko halikuja, likaja kesho yake. Gari la dobi."

"La mashuka?" Sista wa meza akacheka. "Mama, yule dereva ni Taratibu. Akiendesha, paka anampita. Huyo hawezi kumziba mtu chochote."

"Sijasema yeye. Nimesema gari." Mkaguzi akavua miwani. "Fundi. Ukuta wako ulijuaje nani ni mgeni na nani ni mwenyeji?"

Hapo hakumwita mwanangu, na Fundi alilisikia hilo.

"Niliufundisha. Unaufungua, unauacha usikilize saa nzima. Kila unachokisikia katika saa hiyo unakihesabu ni cha nyumbani, injini ya maji, taa, mashine za eksirei. Kitakachokuja baadaye ndicho kigeni."

"Uliufundisha lini?"

"Jumatatu. Siku moja kabla wagonjwa hawajahamia. Metroni alinipa nafasi ya saa nne mpaka saa tano, kwa sababu wodi ilikuwa tupu na uwanja ulikuwa kimya."

"Kimya cha watu, au kimya cha mawimbi?"

Mkaguzi akafungua daftari la geti ukurasa mmoja nyuma na kuligeuza ajisomee mwenyewe. Jumatatu ile, saa nne na dakika saba: gari la dobi, mashuka mapya ya wodi mpya.

"Kulikuwa na mvumo," Fundi akasema polepole. "Mzito, kutoka uwanjani. Niliuona kwenye kompyuta. Nikadhani ni injini ya maji. Nikauambia ukuta, huyu ni wa nyumbani." Akakaa kwenye kiti cha karibu bila kukitazama. "Mama, nimemtambulisha mwizi kwa mbwa wa mlinzi."

"Mtoto aliyezaliwa jirani na kinu halali kikinyamaza," Mkaguzi akasema. "Ukuta wako haukulala. Ulikuwa na adabu kwa mtu uliyeambiwa ni ndugu."

Saa nne kasoro dakika tano Mkaguzi alisimama kwenye dirisha la jengo kuu, antena ya mifupa ya samaki mkononi, kipimo kimening'inia shingoni. Uwanjani mafundi wa ngazi walikuwa wamepata kikombe cha pili. Saa nne na dakika tisa geti likafunguka, gari jeupe likaingia kwa mwendo wa harusi, likaegeshwa kwenye kivuli cha tangi. Sindano ya kipimo ikapanda. Mkaguzi akaipeleka antena kushoto, ikashuka, kulia, ikashuka, akairudisha kwenye gari, ikasimama wima.

"Inalala," Sista wa meza akasema nyuma yake. Mistari minane ikanyooka, mmoja baada ya mwingine. Metroni alikwisha kutuma sista wawili wodini tangu mapema, kwa miguu.

Dereva alishuka. Alikuwa mtu wa makamo, shati limechomekwa vizuri, na alishusha mafurushi ya mashuka yote kumi na mawili kwa muda mfupi kuliko alivyotumia kuegesha. Halafu hakurudi kwenye gari. Aliikung'uta mikono yake vumbi, akanawa bombani, akaingia wodi ya moyo kwa mlango wa pembeni.

Mkaguzi alimkuta kitanda cha sita. Alikuwa amekaa ukingoni, amevaa miwani, mkono wa kulia wa mkewe umelala juu ya goti lake kwenye kitambaa safi, naye anamkata kucha kwa mkasi mdogo. Mke alikuwa na uso wa duara, amechoka, anatabasamu. Kifuani kidude chake kiliwaka kijani, kikazima, kikawaka.

"Usinikate nyama," mke alikuwa anasema.

"Nimewahi kukukata?"

"Mwaka wa kwanza wa ndoa."

"Ile ilikuwa woga."

Mkaguzi akangoja mpaka kidole gumba cha kulia kikaisha. "Baba, samahani. Nakuomba dakika moja, jengo la pili. Kuna kitu nataka ukione."

"Mimi, mama?" Akamtazama mkewe. "Narudi. Bado mkono wa kushoto."

Walivuka uwanja. Kwenye meza ya vioo, Mkaguzi akamwonyesha mstari wa sita. Chini yake paliandikwa namba ya kitanda kwa karatasi ya kubandika. Mstari ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Unajua huu ni nini?"

Dereva akausogelea. "Ni moyo wa mtu." Kisha akaisoma namba. Mkono wake ukatafuta ukingo wa meza. "Mbona... Nimetoka kwake sasa hivi. Alikuwa anacheka."

"Anacheka mpaka sasa. Moyo wake unapiga, ila habari hazifiki. Ungesimama sasa hivi, sista huyu hapa asingejua. Juzi wa kitanda cha tatu ulikwenda mbio, na hatukujua." Mkaguzi aliongea kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza chai. "Kwenye gari lako kuna kitu. Kipo kwenye tundu la kuwashia sigara, nadhani. Nenda ukakichomoe, ukilete hapa. Nitakutazama dirishani. Mgongo wangu hauwezi kukimbizana nawe, kwa hiyo nakuomba usikimbie."

Mtu aliyepitwa na paka alikimbia, ila alikimbilia gari, na kofia yake ikaanguka asiiokote. Walimwona akiingiza nusu ya mwili dirishani. Mezani mstari wa kwanza ukaruka, ukafuata wa pili. Dereva alipoingia, anahema, kitu cheusi kama kidole kimelala kiganjani, mstari wa sita ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

Aliutazama, kisha akakilaza kile kitu mezani.

"Wanakiita kizibo," akasema. "Muuzaji aliniambia kinafumba macho ya gari tu. Ofisi yetu imefunga chombo kwenye kila gari, wanaona uko wapi na umekaa dakika ngapi. Kila kituo ni dakika kumi. Ya kumi na moja unaandikiwa barua, barua tatu unarudisha funguo. Na kuona wagonjwa hapa ni saa kumi jioni, saa ambayo mimi nipo ng'ambo ya mji. Nikichomeka, wanadhani ni hili tangi limewafunika. Sikujua, mama. Ningejua, ningekimeza."

"Una nacho tangu lini?"

"Tangu alipolazwa wodi ya zamani."

"Ile ya waya," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana hakuna aliyelalamika kule."

Mkaguzi akakitia kizibo kwenye mfuko wa ushahidi, akauandika siku na saa. "Hiki ni kosa la sheria, baba, na nitaliandika. Shauri litasikilizwa. Nitaandika pia kwamba ulikileta mwenyewe, mbio." Akamgeukia Metroni. "Na la pili ni la Fundi. Aliufundisha ukuta bila kupita uwanjani kutazama nani yupo. Hilo nalo naliandika."

"Na mimi nitaweka sahihi," Fundi akasema, amesimama wima. "Metroni, kosa ni langu. Lakini usiung'oe. Nipe saa moja niufundishe tena."

Metroni akatazama nje kwenye ngazi, akatazama mstari wa sita. "Mpaka saa sita nilisema. Saa sita haijafika."

Waliufundisha upya, gari la dobi likiwa pale pale kivulini, kizibo mfukoni kwa Mkaguzi, na safari hii Fundi alizunguka uwanja mzima na antena ya mama mkwe wake, akagusa kila kilichovuma na kukiandika jina: injini ya maji, taa, eksirei. Katikati ya kazi simu ya dereva ikalia. Alipoliona jina akapauka. Metroni akanyoosha mkono, akaichukua.

"Ndiyo. Hapana, si yeye, ni Metroni wa hospitali. Gari lako naliona, liko mbele yangu. Liko kwenye kazi ya hospitali. Dakika sitini na tatu? Zitafika tisini. Asante, kwaheri." Akamrudishia. "Ana sauti nyembamba, bosi wako."

Saa sita kasoro robo Mkaguzi alisimama kando ya gari. Sista watatu na daktari walikuwa wodini, kila mmoja na vitanda viwili, mkono kwenye mshipa wa mgonjwa. Mafundi wa ngazi walikuja kutazama na vikombe vyao.

"Baba, chomeka wewe," Mkaguzi akasema.

"Hapana, mama. Siwezi kukigusa tena."

Akakichomeka mwenyewe. Kipimo shingoni kikaruka juu kabisa. Juu ya stoo ukuta haukuonyesha kitu kwa macho, ulibaki kibao cha kijivu, ila Fundi kwenye kompyuta yake aliona vigae vikigeuka safu kwa safu, kama watu msibani wanapompa mgongo aliyekuja amelewa. Kutoka dirishani sauti ya Sista wa meza ikasafiri uwanja mzima, akihesabu.

"Moja ipo. Mbili ipo. Tatu... tatu imekohoa, ipo. Nne. Tano. Sita ipo. Saba. Nane. Zote zipo."

Mkaguzi alihesabu dakika tano kwa saa yake, kisha dakika mbili za ziada kwa tabia yake. Akakichomoa, akakirudisha mfukoni.

"Sasa?" mmoja wa wale wa ngazi akauliza.

"Sasa bebeni ngazi yenu," Metroni akasema. "Mmekunywa chai ya kutosha." Kisha, bila kubadilisha sauti, akamgeukia dereva. "Na wewe. Mashuka ya wodi hii yamekuwa yakipotea."

"Hayajawahi kupotea, Metroni, mimi..."

"Nimesema yanapotea. Kuanzia leo aliyeyaleta atayahesabu mwenyewe, wodini, polepole, shuka moja moja. Dakika thelathini, kila siku ya gari. Nitamwandikia huyo mwenye sauti nyembamba, kwa mhuri. Kuna kiti karibu na kitanda cha sita. Utahesabia hapo."

Dereva akaenda kuokota kofia yake uwanjani.

Fundi alikuwa anakunja waya, polepole kuliko ilivyohitajika. "Mama, utaandika kweli kosa langu?"

"Kwa kalamu ya wino."

"Wakubwa watasoma."

"Na wasome. Wataona pia ukurasa wa pili, ukuta uliofundishwa vizuri ulivyomkataa adui akiwa hatua arobaini. Aliyeandikwa kosa lake akalirekebisha, haogopi kusomwa." Mkaguzi akamtoa kipande cha ganda la yai begani. "Mwambie mume wako Jumapili mje wote. Nawe uje na njaa, si kama leo."

Alirudi mezani kuchukua daftari lake. Sista wa meza alikuwa ameegemea, soksi zake mbili mbili juu ya kigoda, na mistari minane ilikuwa inatembea mbele yake. Wa sita ulikuwa umeongeza mwendo kidogo. Mkaguzi akauonyesha kwa penseli.

"Nimempigia simu sista wa wodini," Sista akasema. "Hakuna hatari. Mumewe amekaa. Ameanza mkono wa kushoto."